Usikimbilie Kuifuta: Kompyuta Inapokosa Mtandao Baada ya Kubadilishiwa Mfumo

Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi ya Dayosisi katika semina ya makatibu, wahasibu na wasimamizi wa vituo



Najua mada za kompyuta huwapa watu usingizi, hasa zikipangwa saa sita mchana wakati harufu ya pilau imeshaanza kuingia ukumbini. Kwa hiyo nitasema jambo langu kuu mapema, ili hata atakayesinzia aondoke nalo.

Jambo lenyewe ni hili: kompyuta ikikosa mtandao mara baada ya kubadilishiwa mfumo endeshi, mara nyingi kilichokosekana ni programu moja ndogo. Kompyuta ni nzima, na kumbukumbu zenu zimo. Usimruhusu mtu yeyote aifute kabla hiyo programu ndogo haijatafutwa.

Mimi si fundi wa kompyuta. Shahada yangu ni ya mipango ya maendeleo. Haya nitakayosema nimejifunza kwa hasara, na hasara yenyewe nitawasimulia.

KWA NINI TUNAZUNGUMZA HAYA SASA

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilifikisha ukomo wa huduma zake za kawaida kwa Windows 10. Kabla ya hapo ilikuwa Windows 7, tarehe 14 Januari 2020, na kabla yake Windows XP, tarehe 8 Aprili 2014. Mfumo ukifikia ukomo, kompyuta haizimiki, bali inaacha kupokea marekebisho ya kiusalama. Ndiyo maana vituo vyetu vingi vimebadili mfumo au viko mbioni kubadili.

Na kila tunapopita katika kipindi hiki, simu yangu hulia kwa maneno yale yale: "Mratibu, kompyuta imewaka vizuri, mafaili yapo, ila intaneti hakuna."

HASARA TULIYOIPATA

Mwezi Septemba 2020 tulibadili mfumo wa kompyuta ya mezani iliyokuwa ikitunza kumbukumbu za watoto wanaolipiwa ada na mfuko wetu wa elimu. Majina, picha, shule wanazosoma na stakabadhi za ada za miaka minne, vyote vilikuwa humo. Nakala ya akiba tulikuwa nayo, lakini ilikuwa ya miezi kumi na minne nyuma. Windows 10 iliingia bila matatizo. Kitu kimoja tu kiligoma: tulichomeka waya wa mtandao na kompyuta ikawa kama haijachomekwa kitu.

Ilikuwa Alhamisi, na taarifa ya robo mwaka ilitakiwa kwa wafadhili siku ya Ijumaa. Nikampigia simu fundi mmoja wa mjini. Akaniuliza, "Mkuu, nipige Windows upya?" Nilikuwa naingia kikaoni, nikamjibu, "Fanya unavyoona inafaa." Maneno hayo matatu nimeyajutia hadi leo.

Fundi alifuta diski yote na kuweka Windows upya. Jioni alituletea kompyuta safi kama imetoka dukani. Na mtandao bado haukuwepo! Mfumo aliouweka ulikuwa ni ule ule, usioifahamu kadi ya mtandao ya kompyuta ile. Kesho yake kijana aliyekuwa ofisini kwetu kwa mafunzo kwa vitendo alitafuta programu ya kadi ile kwa kutumia kompyuta nyingine, akaileta kwa flashi. Baada ya dakika kumi mtandao ukarudi. Kumbukumbu hazikurudi.

Tulitumia wiki sita kupita shule kwa shule na nyumba kwa nyumba tukikusanya stakabadhi. Katika kipindi hicho binti mmoja wa kidato cha tatu alirudishwa nyumbani kwa madai kwamba ada yake ya muhula haijalipwa. Ilikuwa imelipwa, lakini stakabadhi yetu ilikuwa imefutwa na ya shule haikuonekana. Alikaa nyumbani siku kumi na moja mpaka benki ilipotupatia uthibitisho. Bibi yake alikuja ofisini. Hakugomba. Aliniuliza tu, "Mwanangu, ni hiyo mashine yenu iliyosema hatujalipa?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Simlaumu fundi. Yeye aliuliza, na mimi mwenye dhamana nikajibu bila kujua nilichokuwa nikiruhusu. Ndiyo sababu leo nipo mbele yenu.

KADI NA MKALIMANI WAKE

Kadi ya mtandao ni kile kifaa ndani ya kompyuta kinachopokea waya wa mtandao, au kinachonasa Wi-Fi. Mfumo endeshi, kama Windows, hauzungumzi na kadi hiyo moja kwa moja. Katikati yao yupo mkalimani, nayo ni programu ndogo iitwayo draiva.

Sote tumewahi kumwona mgeni wa kutoka Ujerumani akisimama mbele ya usharika, na pembeni yake mkalimani. Siku mkalimani akikosekana, mgeni ni mzima, wasikilizaji ni wazima, lakini hakuna anayeelewa kitu. Ndivyo inavyokuwa mfumo unapobadilishwa. Kadi ni ile ile, ila msikilizaji ni mwingine, na mkalimani wa zamani huenda hakijui Kiswahili cha huyu mpya. Kumfukuza msikilizaji na kumleta mwingine wa kijiji kile kile hakusaidii. Atafutwe mkalimani.

HATUA ZA KUFUATA

Naomba mziandike kwa mpangilio huu, kwa sababu zinaanzia kwenye mambo mepesi yasiyo na hatari.

1. Uliza kama ni kompyuta moja au ni ofisi nzima. Kama kompyuta za wenzako na simu zote zimekosa intaneti, tatizo liko kwenye ruta, bando au mtoa huduma. Usiiguse kompyuta yako.

2. Washa upya kwa Restart. Kwenye kompyuta nyingi za Windows 10 na 11 ukibonyeza Shut down mfumo hauzimiki kabisa, kwani sehemu yake huhifadhiwa ili kompyuta iwahi kuwaka kesho. Restart ndiyo inayoanza upya kwa ukamilifu. Kwa kompyuta ya mezani, unaweza pia kuizima, ukachomoa waya wa umeme kwa dakika moja, kisha ukarudisha.

3. Angalia vitaa. Pale waya wa mtandao unapochomekwa kuna vitaa vidogo. Vikiwaka au kupepesa, waya na swichi vina uhai, na kadi yako kwa kiasi kikubwa ni nzima. Visipowaka, badili waya, kisha jaribu tundu jingine la swichi. Kwa Wi-Fi, hakikisha alama ya ndege haijawashwa na kwamba kitufe cha Wi-Fi cha kompyuta mpakato hakijazimwa.

4. Fungua Device Manager. Bonyeza kitufe cha kulia cha mausi juu ya alama ya Start, utaiona kwenye orodha. Tafuta sehemu iliyoandikwa Network adapters. Hapa ndipo ukweli wote unapojulikana, na zipo hali nne.

Hali ya kwanza, kadi ipo na haina alama yoyote. Basi mkalimani yupo kazini, nenda hatua ya sita.

Hali ya pili, kadi ina alama ndogo ya mshale unaoelekea chini. Imezimwa tu. Bonyeza kulia, chagua Enable.

Hali ya tatu, kuna pembetatu ya njano. Bonyeza kadi mara mbili usome namba ya kosa. Namba 28 maana yake draiva haijawekwa kabisa. Namba 10 maana yake kadi imeshindwa kuanza kazi, na mara nyingi chanzo ni draiva isiyoendana na mfumo mpya.

Hali ya nne, kadi haipo kwenye orodha yake, ila kuna kitu kiitwacho Ethernet Controller au Network Controller chini ya Other devices. Huyo ndiye mgeni wetu asiye na mkalimani. Mfumo umemwona, haujamwelewa.

5. Tafuta draiva sahihi. Wengi hukwama hapa kwa swali la haki kabisa: nitaipakuaje draiva ya mtandao wakati mtandao wenyewe sina? Njia zipo mbili.

Njia ya kwanza ni simu yako. Ichomeke kwenye kompyuta kwa waya wa USB, kisha kwenye mipangilio ya simu washa sehemu ya kugawa intaneti, ambayo kwenye simu nyingi imeandikwa USB tethering. Kompyuta huichukua simu kama kadi nyingine ya mtandao. Ukishapata intaneti, fungua Windows Update, uiache itafute yenyewe, na uangalie pia orodha ya draiva za hiari. Lakini tahadhari na bando lako: simamisha mambo mengine yanayojipakua yenyewe.

Njia ya pili ni kompyuta nyingine na flashi. Nenda kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza kompyuta yako, andika modeli yake, pakua draiva ya mtandao inayoendana na mfumo mpya. Kama kompyuta ni ya kuunganishwa na mafundi na haina modeli, rudi Device Manager, fungua kifaa kile, nenda Details, chagua Hardware Ids. Utaona maandishi yenye VEN na DEV. VEN ni mtengenezaji wa kadi: 10EC ni Realtek, 8086 ni Intel, 14E4 ni Broadcom. DEV ni aina ya kadi. Ukimpa fundi namba hizo mbili umempa jina kamili la mgonjwa.

Angalizo: msipakue zile programu za bure zinazojinadi kutafuta draiva zote za kompyuta kwa mbofyo mmoja. Nyingi huleta matangazo na wadudu wengine pamoja na hicho mlichokitaka.

6. Angalia anwani. Kama kadi haina kasoro lakini intaneti haipo, fungua Command Prompt, andika ipconfig. Ukiona anwani inayoanza na 169.254, maana yake kompyuta imeomba anwani kwenye ruta na haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Kwa ofisi zinazotumia anwani za kudumu, huenda mabadiliko ya mfumo yameifuta ile mliyoiandika zamani, basi iandikeni upya. Baadaye andika ping ikifuatiwa na anwani ya ruta yako. Ikijibu, andika ping 8.8.8.8. Hiyo nayo ikijibu lakini tovuti hazifunguki, kasoro iko kwenye DNS, yaani kitabu cha majina cha intaneti. Kadi haina kosa.

7. Angalia walinzi wa zamani. Programu ya kuzuia virusi au ya VPN iliyowekwa kwenye mfumo uliopita inaweza kubaki imesimama mlangoni ikizuia kila kinachopita. Iondoe, washa upya, kisha weka toleo jipya. Na kama intaneti ipo lakini printa ya ofisi au folda la pamoja havionekani, angalia kama mtandao wa ofisi haujageuzwa kuwa Public. Urudishe kuwa Private.

8. Tumia Network reset. Imo kwenye Settings, sehemu ya mtandao. Inaondoa kadi zote na kuzipanga upya, kisha kompyuta inajiwasha upya. Haifuti mafaili yako, lakini itasahau nywila za Wi-Fi na anwani za kudumu. Ziandike kwanza.

9. Rudi nyuma. Mkiwa mmepanda kutoka Windows 10 kwenda 11 bila kufuta kitu, kwa kawaida mna siku 10 za kurejea mfumo wa zamani kupitia Settings, System, kisha Recovery. Siku hizo zinahesabika, na mtu akifuta folda liitwalo Windows.old ili kupata nafasi, mlango huo unafungwa. Yote yakishindikana, kadi ndogo ya nje ya kuchomeka kwenye USB itaiwezesha kompyuta kufanya kazi siku hiyo hiyo wakati mnatafuta suluhisho la kudumu.

Mmesikia hatua zote tisa. Hakuna hata moja inayodai kufuta diski.

Neno fupi kwa wenzetu wanaotumia Linux. Mnapopanda kutoka toleo la zamani, kadi inaweza kubadilishwa jina. Iliyokuwa ikiitwa eth0 huweza kuitwa enp3s0 au jina linalofanana na hilo, wakati faili la mipangilio bado linamtaja eth0. Hapo draiva ipo, kadi ipo, ila anaitwa mtu aliyekwisha badili jina. Andikeni ip link muone majina yaliyopo sasa, kisha rekebisheni faili. Kama kadi haionekani humo, amri ya lspci -nnk itaonyesha ni kadi gani na kama ina draiva.

KABLA YA KUBADILI MFUMO

Kinga ni bora kuliko tiba. Kila kituo kiwe na daftari moja la kompyuta na flashi moja isiyotumika kwa kazi nyingine. Ndani ya daftari andikeni modeli ya kila kompyuta, jina la kadi yake ya mtandao, na anwani kama ni ya kudumu. Nywila ziandikwe pia, lakini daftari likae kabatini chini ya ufunguo. Ndani ya flashi wekeni draiva za mtandao za mfumo mpya kabla hamjabonyeza kitufe cha kuanza. Flashi hiyo ni ile njiti ya kiberiti unayoiweka mfukoni kabla giza halijaingia.

Nakala ya akiba ifanywe siku hiyo hiyo ya kubadili, kwenye diski ya nje, na ifunguliwe kwenye kompyuta nyingine kuhakikisha inasomeka. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa haina tofauti na ahadi.

Msibadili mfumo kwenye wiki ya mishahara wala ya taarifa ya robo mwaka. Na kama kituo kina kompyuta tano, anzeni na moja, mkae nayo wiki nzima.

FUNDI TUNAMHITAJI

Sisemi tuwakimbie mafundi. Wengi wao ni waaminifu na wanatutoa mbali. Ila kabla hujamkabidhi fundi kompyuta, muulize maswali matatu. Kadi ya mtandao inasomeka vipi kwenye Device Manager, na namba ya kosa ni ngapi? Draiva umeitafuta wapi? Na kama unataka kupiga Windows upya, nani ameshika nakala ya mafaili yetu, na imefunguliwa lini?

Fundi mzuri hatachukia maswali hayo. Na mjue kwamba kufuta kunaweza hata kuongeza tatizo, maana Windows 11 ikiwekwa upya kwenye kompyuta isiyoona mtandao inaweza kukwama kwenye ukurasa unaodai kwanza intaneti. Hapo mnakuwa hamna mtandao, hamna mafaili, na kompyuta yenyewe haifunguki.

HITIMISHO

Ndugu washiriki, nimalize na habari njema. Mwezi Novemba 2025 katibu wa zahanati yetu moja alinipigia simu asubuhi. Kompyuta yao ilikuwa imebadilishwa mfumo jana yake, mtandao hakuna, na madai ya bima ya wagonjwa wa mwezi mzima yalikuwa humo yakisubiri kutumwa. Mama huyu hajasomea kompyuta. Nikamwomba afungue daftari lake. Vitaa vilikuwa vinawaka. Kwenye Device Manager akakuta Ethernet Controller yenye pembetatu ya njano, namba 28. Akachomeka simu yake kwa USB, Windows Update ikaleta draiva. Dakika arobaini baadaye alinitumia ujumbe mfupi: "Mratibu, yametumwa yote. Naenda kunywa chai."

Kuna tofauti gani kati ya Alhamisi ile ya 2020 na asubuhi hii ya Novemba? Kosa lilikuwa moja na dawa ilikuwa moja. Tofauti ni kwamba mara hii kulikuwa na mtu aliyeangalia kwanza.

Kumbukumbu tunazotunza ni za watu: za mtoto anayesubiri ada na mgonjwa anayesubiri dawa. Tukirudi vituoni, nawaomba kila mmoja anunue daftari na flashi wiki hii. Ugeni wangu wa kwanza katika vituo vyenu robo hii utaanza kwa kuomba kuviona hivyo viwili, kabla ya chai.